POSHO, BLANKETI NA NAULI: Historia ya Marupurupu ya Kazi Mkoani Kigoma

UTANGULIZI

Katika madarasa ya siasa swali moja hurudi kila mwaka: mfanyakazi afanyiwe nini ili aipende kazi yake na asiihame? Majibu hutolewa haraka. Mmoja husema nyumba, mwingine posho ya safari, mwingine matibabu, mwingine mkopo wa pikipiki. Yote yana ukweli, lakini yanaruka jambo la msingi. Kabla ya kuuliza ni marupurupu gani yatolewe, kada hana budi kuuliza maswali matatu. Yanatolewa na nani? Yanatolewa kwa faida ya nani? Na mfanyakazi akiondoka, anaondoka na nini mkononi?

Kwa marupurupu tunakusudia kila anachopata mfanyakazi zaidi ya mshahara wake: chakula, malazi, nguo, nauli, likizo, matibabu, kiinua mgongo na mengineyo. Makala hii inayachambua kwa kufuata historia ya Mkoa wa Kigoma, yaani Uha, Uvinza, mji wa Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Tumeuchagua mkoa huu kwa sababu umeliona tatizo pande zote mbili. Kwa miongo mingi ulikuwa mahali ambapo watu walichukuliwa kwenda kuvuja jasho kwingine. Baadaye ukawa mahali ambapo watumishi wengi waliopangiwa kwenda kufanya kazi walisita kwenda. Mtu akielewa kwa nini manamba aliondoka Kasulu, ataelewa pia kwa nini mganga alikataa kuhamia huko.

NG'OMBE WA MWAMI NA POSHO YA MPAGAZI

Kabla ya ukoloni, kazi katika nchi hii haikuwa ya namna moja. Kwenye chemchemi za chumvi za Uvinza, watu walikuja kutoka mbali wakati wa kiangazi, wakachemsha maji ya chumvi kwa mikono yao, wakatoa sehemu kwa watawala wa Uvinza, na iliyobaki wakaondoka nayo. Mchemshaji alikuwa na zao la jasho lake, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumvuta kwa zawadi. Kodi ya mtawala ilikuwa mzigo, lakini mzigo huo ulionekana na ulijulikana.

Katika Uha palikuwa na uhusiano mwingine, ulioitwa ubugabire. Mwenye mifugo mingi alimkabidhi mtu ng'ombe. Aliyepewa alikunywa maziwa, akapata samadi ya migomba na heshima ya kuwa na mlinzi. Naye kwa upande wake alitoa utumishi na utii. Ng'ombe alikuwa zizini kwake lakini hakuwa wake. Aliyempa aliweza kumdai. Tuuangalie mfano huu kwa makini, kwa sababu ndani yake kuna sura ya kwanza ya marupurupu yanayomfunga mtu: faida ni ya kweli, maziwa yanaonekana, watoto wanashiba, na hapo hapo kamba imefungwa.

Ujiji, kwa upande wake, ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka pwani. Burton na Speke walifika hapo Februari 1858, na mwaka huo huo wakakodi mitumbwi ya wenyeji kwenda Uvira, wakilipa kwa nguo na shanga. Misafara hiyo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mpagazi alipatana ujira kabla ya kuondoka, akachukua sehemu yake mapema, na njiani alipewa posho, ambayo mara nyingi ilihesabiwa kwa kibaba cha nafaka au kwa kitambaa cha kununulia chakula. Mahali pengine mwenye msafara alilazimika kuchinja ng'ombe ili watu waendelee na safari.

Kwa nini mfanyabiashara tajiri, mwenye bunduki, alimbembeleza mpagazi? Sababu ni kwamba mpagazi alikuwa na shamba. Msimu wa mvua ulipokaribia alirudi nyumbani kulima. Posho ikipunguzwa, aliutua mzigo chini. Akidhulumiwa sana, alitoroka usiku. Nguvu yake ya kudai ilitokana na kuwa na mahali pengine pa kupata chakula. Tuseme pia bila kuficha kwamba katika Ujiji hiyo hiyo walikuwapo watumwa, ambao hawakupatana lolote na mtu yeyote. Mtumwa naye alilishwa na kuvishwa. Kama kulishwa na kuvishwa peke yake kungekuwa kipimo cha hali nzuri ya kazi, tusingeweza kumtofautisha mtumwa na mpagazi. Kilichowatofautisha ni uwezo wa kukataa.

KODI, RELI NA MANAMBA

Mkoloni wa Kijerumani aliijua siri hiyo. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge nchini. Iliyosalimika hai ilikuwa 62 tu, na kutokana nayo yakaenea mashamba makubwa ya Tanga na kando ya reli. Mashamba yalihitaji watu. Mtu mwenye shamba lake, migomba yake na ng'ombe wake hakuwa na sababu ya kwenda kukata majani yenye miiba mamia ya kilomita kutoka kwao. Kuanzia mwaka 1898 ikawekwa kodi ya nyumba. Hapo mtu alihitaji fedha, atake asitake. Februari 1914 Reli ya Kati ilifika Kigoma, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Wageni husifu jengo la stesheni ya Kigoma kwa uzuri wake. Kwa Mha lilikuwa mlango wa kutokea.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya Wabelgiji waliouteka mkoa mwaka 1916 kuondoka mwaka 1921, Mwingereza aliendeleza kazi hiyo kwa sheria. Mwaka 1922 utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika. Mwaka uliofuata, 1923, ikatungwa Sheria ya Mabwana na Watumishi wa Kienyeji. Sheria hiyo ilimtaka mwajiri ampatie mfanyakazi wa mkataba huduma kama chakula, malazi na matibabu. Sheria hiyo hiyo ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai, ambalo mtu aliweza kufungwa kwalo. Unga na gereza viliandikwa katika sheria moja. Mwaka 1926 iliundwa Idara ya Kazi chini ya Meja Orde-Browne, na kambi za kupumzikia zikajengwa kwenye njia za vibarua waliokuwa wakitembea kwa miguu. Mwaka 1931, wakati wa mdororo wa uchumi wa dunia, idara ikavunjwa. Mkonge ulipokosa bei, aliyeulima hakuwa na mtetezi tena.

Uha wakati huo uliandamwa pia na ugonjwa wa malale. Kuanzia miaka ya 1930 watu walihamishwa na kukusanywa katika makazi ya pamoja ili kuepuka mbung'o. Mazao ya biashara nayo hayakusukumwa huku kwa nguvu iliyotumika Bukoba au Kilimanjaro. Mkoa ulikuwa ghala, na kilichohifadhiwa ghalani kilikuwa nguvukazi. Wataalamu watatu, Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago, walilionyesha jambo hili wazi katika utafiti wao juu ya vibarua wa mkonge uliochapwa mwaka 1983, ambamo Sago aliishughulikia Kigoma.

Vita Kuu ya Pili ilizidisha haja ya mkonge. Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, katani ya Tanganyika ikawa ya lazima kwa majeshi ya washirika, na serikali ya kikoloni ikaruhusu watu kulazimishwa kwenda mashambani. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Kigoma ikawa moja ya maeneo yake makuu. Aliyeandikishwa alipewa namba, ndipo likaja jina la manamba. Alipewa pia blanketi, nguo, chakula cha njiani, nauli ya treni ya kwenda na ya kurudi, na shambani posho ya unga, maharage na chumvi. Ushindani wa kutafuta watu ulipokua baada ya vita, hasa Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea mwaka 1947, mashamba mengine yaliongeza zahanati na nyumba bora, na kuruhusu wake na watoto waje.

HESABU YA BLANKETI

Sasa tufanye hesabu. Kwa nini mwenye shamba alitoa blanketi, unga na nauli badala ya kuongeza mshahara?

Kwanza, vitu vilinunuliwa kwa jumla na kwa bei nafuu. Thamani aliyoiona mpokeaji ilikuwa kubwa kuliko gharama aliyoibeba mtoaji.

Pili, posho haikuwekwa akiba. Mshahara ukipanda, mtu huweza kununua ng'ombe, akarudi nyumbani na asiandikishwe tena. Unga ukishaliwa umekwisha, na kesho lazima arudi kwenye mstari.

Tatu, nauli ya kurudi ilikuwa pingu. Ilikuwa ya aliyemaliza mkataba. Aliyetaka kuondoka katikati alikuwa amebakiza kutembea kwa miguu kutoka Tanga hadi Kasulu, huku sheria ikimfuata kama mtoro. Mshahara wenyewe ulihesabiwa kwa kipande cha siku 30 za kazi. Kipande kisipojaa, malipo yalingoja.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, posho na mshahara vilipimwa kwa tumbo la mtu mmoja. Ilichukuliwa kwamba manamba ni mwanamume pekee, ingawa alikuwa na mke, watoto na wazazi. Walikula nini? Walikula mihogo, maharage na ndizi alizolima mke wake kule Uha. Alipougua na kurudishwa, aliuguzwa na nani? Aliuguzwa na mke huyo huyo. Alipozeeka, hakuwa na pensheni. Pensheni yake ilikuwa shamba la nyumbani. Kwa hiyo mwanamke wa Uha aliuchangia uchumi wa mkonge bila jina lake kuandikwa katika daftari lolote la shamba. Blanketi lilionekana na kupigiwa debe. Mchango wake haukuonekana.

Makada wasije wakadhani kwamba manamba alikuwa mjinga aliyehongwa blanketi. Alijua hesabu yake. Alilinganisha siku nyingi za kutembea porini na safari ya treni yenye chakula. Alilinganisha kodi na jela. Jambo lenye mafunzo zaidi ni hili: wengi walikataa mkataba kabisa, wakaenda mashambani kwa miguu yao wenyewe na kuajiriwa huko huko. Walikosa blanketi na nauli. Walichopata ni uhuru wa kuchagua shamba na kuliacha baya. Wafanyakazi hao walipiga kura kwa nyayo zao, na kura yao ilisema kwamba haki ya kuondoka ina thamani kuliko posho.

KOTA ZA RELI

Katika mji wa Kigoma palikuwa na wafanyakazi wa aina nyingine: wa reli, wa bandari na wa meli. Meli ya Graf von Goetzen, iliyoletwa kwa vipande kutoka Ujerumani na kuunganishwa Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kurudi majini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Fundi wa boila, mwendesha treni na karani wa stesheni hawawezi kubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa kama mkata mkonge. Ujuzi wao huchukua miaka kujengwa. Kwa hiyo mwajiri aliwataka wakae, na ili wakae aliwapa kota, likizo, waranti ya safari na hatimaye mafao ya uzeeni.

Hapo tunajifunza kanuni: mwajiri hutoa marupurupu ya kudumu pale ambapo kumpoteza mfanyakazi kunamgharimu. Lakini hata hapo ukoloni ulipanga watu kwa rangi. Mzungu alikuwa na daraja lake la mshahara na nyumba, Mwasia lake, na Mwafrika la chini kabisa. Wafanyakazi hawakungoja fadhila. Mwaka 1947 mgomo ulioanzia bandarini Dar es Salaam ulisambaa kufuata reli kuelekea bara, na mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma tena kwa muda mrefu. Mengi ya yale yaliyoitwa zawadi za mwajiri yalipatikana kwa kudaiwa.

UHURU: FADHILA INAGEUKA HAKI

Baada ya Uhuru, Serikali ya TANU ilifanya kazi moja ambayo umuhimu wake haujaelezwa vya kutosha kwa vijana. Ilichukua yale yaliyokuwa hiari ya mwajiri ikayaweka katika sheria. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya malipo ya kuachishwa kazi. Mwaka 1963 kima cha chini cha mshahara kilienea nchini. Mwaka 1964 ulileta sheria ya usalama wa kazi na kamati za wafanyakazi, Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi (NPF), na chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA. Katika miaka hiyo hiyo mtindo wa kuandikisha manamba ulikoma.

Ukweli unatutaka tuseme na gharama zake. Mishahara ilipopanda, waajiri wengi wa mkonge waliacha kutoa posho, wakaongeza kazi ya siku na kupunguza idadi ya watu. Baada ya mwaka 1964 bei ya mkonge iliporomoka, na maelfu wakakosa kazi. Aliyebaki kazini alipata haki zaidi. Aliyeachwa nje alirudi Kigoma akakuta mkoa ule ule usiokuwa na viwanda. Vilevile, mgomo ulizuiwa kwa taratibu za sheria ya mwaka 1962, kwa hiyo mfanyakazi alipata ulinzi na hapo hapo akapungukiwa silaha yake ya zamani. Makada wanaofundisha historia hii waifundishe yote.

Funzo jingine linatoka kwa wafanyakazi wa reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, waliokuwa watumishi wake walibaki na madai ya mafao yao. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini na nchi tatu mwaka 1984, lakini madai ya wastaafu wa Tanzania yalikuwa bado yanabishaniwa mahakamani katika miaka ya 2000. Mtu alifanya kazi miaka 30 kwa kuamini ahadi ya uzeeni. Haki iliyoandikwa isipokuwa na mlipaji anayejulikana hugeuka tena kuwa fadhila ya kuombwa.

MARUPURUPU YA WAKUBWA

Kuna upande mwingine ambao Chama hakikuweza kuunyamazia. Nchi ilipojitawala, wasomi wetu walirithi viti vya wakoloni pamoja na marupurupu yake: nyumba za daraja la juu, magari, watumishi wa nyumbani. Oktoba 1966, baada ya maandamano ya wanafunzi waliopinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi, na Mwongozo wa mwaka 1971 ukawaonya viongozi dhidi ya ubwana na ufujaji. Wafanyakazi waliuchukua Mwongozo huo wakauinua mbele ya mameneja wao, na migogoro mingi ya viwandani ya miaka iliyofuata ilihusu heshima kuliko fedha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa.

Swali lililobaki ni la haki katika ugawaji. Gari la mkuu linapotengewa fedha kabla ya nyumba ya muuguzi, marupurupu yanakuwa yamepanda ngazi badala ya kushuka. Aliye karibu na maamuzi hujigawia. Aliye mbali huambiwa avumilie kwa uzalendo.

MTUMISHI ANAYEPANGIWA KIGOMA

Hapo ndipo tunarudi Kigoma. Kwa miaka mingi mwalimu au mganga aliyepangiwa mkoa huu alisafiri kwa treni siku mbili au zaidi, kisha kwa lori au kwa boti. Vijiji vya mwambao wa kusini, kama Kalya na Buhingu, vilifikiwa zaidi kwa maji. Wengi walioripoti waliondoka, na wengine hawakuripoti kabisa. Katika miaka ya 1990, mashirika ya wakimbizi yalipojaa mkoani kufuatia vita vya Burundi na Kongo, yalilipa vizuri kuliko Serikali, na baadhi ya watumishi wakahamia kambini. Hawakukosa uzalendo kuliko wenzao. Walifanya hesabu, kama manamba alivyofanya yake.

Mipango ya elimu ya msingi ya mwaka 2002 na ya afya ya msingi ya mwaka 2007 iliweka ujenzi wa nyumba za watumishi miongoni mwa shughuli zake. Huo ulikuwa mwelekeo sahihi, kwa sababu nyumba ya mwalimu hubaki kijijini hata mwalimu akihama. Barabara ya lami na Daraja la Kikwete juu ya Mto Malagarasi, lililokamilika katika miaka ya 2010, nazo ni marupurupu ya mtumishi, ingawa haziandikwi kwenye hati ya mshahara: humnufaisha yeye na mkulima wa maharage kwa pamoja. Posho ya mazingira magumu huishia mfukoni kwa mmoja. Daraja huyapunguzia ugumu mazingira yenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya siku 28 kwa mwaka, likizo ya uzazi ya siku 84, na usafiri wa kumrudisha mfanyakazi mahali alipoajiriwa. Tuitazame hiyo ya mwisho. Nauli ya SILABU, iliyokuwa pingu, imeandikwa sasa kama haki. Lakini sheria hiyo haimfikii kwa urahisi kijana wa Ujiji anayevua dagaa usiku kwa mgawo wa mapato, baada ya mwenye chombo kutoa kwanza gharama za mafuta na nyavu. Chombo kikizama au mvuvi akizeeka, mzigo hurudi kwa mke na shamba, kama ulivyorudi kwa mke wa manamba.

HITIMISHO

Historia ya Kigoma inatupa vipimo vinne vya kupima marupurupu yoyote, ya shamba, ya kiwanda, ya ofisi au ya Serikali. Je, yameandikwa kama haki au hutegemea hisani ya mkubwa? Je, mfanyakazi akiondoka kwa hiari huondoka na alichokichuma? Je, yamehesabu familia yake, au tumbo lake peke yake? Je, wa chini anayapata kabla ya wa juu kuongezewa? Yakifaulu vipimo hivyo, mfanyakazi atavutwa na atakaa, na hakuna atakayehitaji kumfunga.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ng'ombe wa ubugabire na blanketi la SILABU vinafanana wapi na vinatofautiana wapi?

2. Kwa nini vibarua wengi wa Uha walikataa mkataba uliokuwa na nauli na posho, wakachagua kutembea?

3. Katika tawi au mahali pako pa kazi, orodhesha marupurupu yote yanayotolewa, kisha uyapime kwa vipimo vinne. Ni yapi ni haki, na ni yapi bado ni fadhila?

4. Kijiji chenu kikipewa fedha ya kumvuta muuguzi mmoja, mtaitumia kwa posho yake, kwa nyumba, au kwa njia ya kufika kijijini? Toeni sababu.